Nilikwenda Kubeba Spika

Sikwenda kusikiliza muziki. Nilikwenda kubeba spika. Rafiki yangu hupiga gitaa la besi, gari lake liko gereji, na mimi ndiye mwenye gari ambalo buti lake linaimeza spika yake bila kubaki limeachama. Alinipigia saa kumi jioni, na kwa jinsi alivyoanza na "kaka yangu, kipenzi changu" nikajua kuna mzigo.

"Bendi gani leo?"

"Kantri."

"Kantri? Wewe?"

"Mpiga besi wao ana homa, wamenitafuta mimi. Twende bwana, tutarudi mapema."

Hatukurudi mapema.

Baa yenyewe ni ya kona, ya aina ile ambayo ukipita mchana unadhani imefungwa na ukipita usiku unadhani imefurika, kumbe mchana iko wazi na usiku ina watu thelathini tu wenye sauti za watu mia. Jukwaa hakuna. Kuna pembe moja ambayo meza zake mbili zilisukumwa kando, na juu ya pembe hiyo, ukutani, imetundikwa televisheni kubwa kuliko kitu kingine chochote humo ndani. Iweke akilini hiyo televisheni.

Tuliyemkuta ameshafika alikuwa mzee mmoja, shati lake limepigwa pasi mpaka mikunjo ya mikono imesimama, ameinamia sanduku jeusi refu lililokaa kama la kuhifadhia silaha.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba. Shika huo mguu kwanza, habari za nyumbani tutaulizana baadaye."

Mguu ulikuwa wa chuma, mmoja kati ya minne, nao unafungwa kwa kuzungushwa chini ya ubao wenye nyuzi kumi. Nikazungusha. Ilipokamilika, nilikuwa nimemsaidia kusimamisha kitu kinachofanana na meza ya kupigia pasi iliyosomea uhandisi: juu nyuzi, chini fimbo zinazoshuka hadi kwenye vikanyagio vitatu, na katikati vyuma vinavyoning'inia vya kusukumwa kwa magoti. Hii ndiyo stili gitaa ya kukanyaga. Mpigaji wake haminyi nyuzi kwa vidole. Mkono wa kushoto hutelezesha juu yake kipande cha chuma kizito, wa kulia huchokoa kwa kucha za bandia, mguu wa kushoto unakanyaga, magoti yanasukuma, na mguu wa kulia unapandisha na kushusha sauti. Mtu mzima aliyeketi kwa heshima zake zote, lakini hakuna kiungo kilicholala. Ukiwahi kusikia kwenye wimbo wa kantri ile sauti inayopanda kama mtu anayejizuia asilie halafu akashindwa, ndiyo hiyo. Uzi mmoja unakazwa na kikanyagio huku jirani yake ametulia, na kati ya yule anayehama na yule anayebaki ndimo huzuni inamozalishwa.

"Wamarekani nao wana mambo," nikasema.

"Hawaii," mzee akanirekebisha bila kuinua kichwa.

Alikuwa sahihi, ingawa siku hizi Hawaii nayo ni Marekani. Mwishoni mwa karne ya 19 kijana wa visiwa vile, Joseph Kekuku, ndiye anayetajwa zaidi kuwa mwanzilishi wa mtindo wa kulaza gitaa mapajani na kuteleza na chuma juu ya nyuzi. Mwaka 1915 yalifanyika maonyesho makubwa ya kimataifa San Francisco, muziki wa Hawaii ukachezwa huko kwa miezi, na Marekani bara ikapagawa nao. Vijana wa mashambani waliozoea fidla wakaanza kununua magitaa ya kuteleza. Vikanyagio vilichelewa. Vilivyobadilisha kila kitu ni vile vilivyosikika mwaka 1954, kwenye rekodi ya mwimbaji wa kantri Webb Pierce, ambapo mpigaji Bud Isaacs alikanyaga wakati noti bado inalia, ikapinda hewani mbele ya masikio ya watu. Mzee alinisimulia kwamba baada ya hapo wapigaji wenzake walikimbilia kwa mafundi kufunga vikanyagio, na alivyosimulia ungedhani na yeye alikuwa kwenye foleni.

Lazima nikiri nilivyokuwa nauchukulia muziki huu. Kantri niliyokulia ni ya redio ya baba: kifaa kimoja, chumba kimoja, Jumapili, na hakuna ruhusa ya kuongea. Jim Reeves. Sauti ya mtu asiye na haraka wala deni. Baadaye nilikuja kujua kwamba alikuwa mtangazaji wa redio kabla hajawa nyota, na kwamba alijifunza kuimba midomo ikikaribia kugusa maikrofoni, kwa sauti ya chini, kana kwamba msikilizaji yuko mto wa pili kitandani. Alikufa tarehe 31 Julai 1964, ndege ndogo aliyokuwa akiiendesha mwenyewe ilipoanguka karibu na Nashville, jiji ambalo ndilo makao ya muziki huu, na kwa baba yangu habari hiyo ilikuwa bado mbichi miaka mingi baadaye. Kwa hiyo kichwani mwangu kantri ilikuwa muziki wa kimya. Muziki wa watu waliokaa sawasawa. Muziki, niseme tu, wa wazee.

Sasa nilikuwa nimekaa mita mbili kutoka kwenye ngoma, mgongo ukutani, na kimya hakikuwepo hata cha kuombea.

Bendi ilikuwa ya watu watano. Mwimbaji, mama wa makamo mwenye gitaa la kawaida lililochakaa pale ambapo mkono hupita, kila mtu akimwita Mama tu. Mzee wa stili. Kijana wa fidla, mwembamba, aliyekuwa pia na banjo kwenye begi. Mpiga ngoma ambaye vifaa vyake vyote vilikuwa ngoma mbili, sahani moja na brashi. Na rafiki yangu, ambaye hakuwahi kukutana na yeyote kati yao mpaka dakika ishirini kabla ya kuanza.

"Mtafanya mazoezi saa ngapi?" nilimuuliza.

"Mazoezi ya nini?"

Nikadhani anatania. Mama alikuja, akampa mkono, akasema, "Karibu mwanangu. Wa kwanza ni kwenye G, moja nne moja tano, daraja la wimbo linaanzia nne. Ukipotea nitazame mkono." Basi. Huo ndio uliokuwa utambulisho, mkataba na mazoezi.

Niliutazama ule mkono usiku mzima. Wanamuziki wa kantri huziita kodi kwa namba (kodi za gitaa, yaani noti kadhaa zinazolia pamoja, si zile zinazokusanywa na serikali). Kodi ya nyumbani, kama ile G, ni moja, zinazofuata zinahesabiwa kwa kupanda ngazi ya sauti. Utaratibu wa kuandika namba badala ya noti ulishika mizizi kwenye studio za Nashville mwishoni mwa miaka ya 1950. Neal Matthews wa kundi la Jordanaires ndiye aliyeuanzisha kwa ajili ya waimbaji wenzake, Charlie McCoy na wapigaji wengine wa studio wakauchukua na kuukuza. Faida yake ni ya kibiashara kabisa: studio inalipiwa kwa saa, mwimbaji akifika ana mafua na sauti haifiki juu, wimbo mzima unateremshwa na hakuna anayeandika upya hata mstari mmoja, maana nne ni nne popote utakapoanzia. Lakini namba hazikubaki kwenye karatasi za studio. Kwenye baa zinaishi vidoleni. Mama alikuwa akiimba huku anatabasamu na watu wa mbele, na gitaa likifika pale penye nafasi, mkono wake unateremka ubavuni, vidole vinne vinachomoza, vinarudi. Vitano. Viwili. Rafiki yangu macho yamemtoka kama mtu anayesoma namba za basi kwa mbali.

Sikujua kabla ya hapo kwamba wepesi wa nyimbo hizi, ambao watu wa muziki mwingine huucheka, una kazi. Wimbo wa kodi tatu ni wimbo ambao watu wasiojuana wanaweza kuupiga pamoja usiku uleule waliokutana. Ni kama sala ya pamoja, hata mgeni hapotei.

Hakuna aliyekuwa anasikiliza, lakini. Nusu ya watu walikuwa wameipa bendi mgongo. Nusu nyingine walikuwa wameielekea, nikafurahi kwa niaba ya Mama, mpaka nilipofuata macho yao na kugundua wanaangalia televisheni iliyo juu ya kichwa chake. Kulikuwa na mechi. Mhudumu alikuwa ameizima sauti, na hapo ndipo huruma yake kwa muziki ilipoishia.

Wimbo wa tano au wa sita ulikuwa ule wa mama anayefia hospitalini wakati mwanawe yuko njiani. Kila bendi ya kantri ina wimbo wa namna hii, kama sivyo umedhulumiwa. Ubeti wa kwanza mtoto anapokea simu. Ubeti wa pili anaendesha gari usiku. Ubeti wa tatu anafika, muuguzi amesimama mlangoni, Mama anashusha sauti, stili inajikunja nyuma yake, anavuta pumzi ili aseme alichosema muuguzi, na…

"Goooooli!"

Baa nzima ikasimama. Viti vikaanguka. Mtu mmoja alimkumbatia kijana wa fidla, aliyekuwa bado na upinde mkononi. Mimi nilitaka ardhi ipasuke, kwa aibu ambayo hata haikuwa yangu. Mama hakusimamisha wimbo. Alirudi nyuma hatua moja, akainua kidole kimoja, moja, na bendi ikakaa hapohapo, ikazunguka kwenye kodi ya nyumbani kama gari lisilozimwa injini. Akageuka akaitazama televisheni marudio yakionyeshwa. Akasogea kwenye maiki akauliza, "Kafunga nani?" Wakamjibu kwa pamoja. Akatikisa kichwa, kwa kuwa inaonekana hakuwa anaishangilia timu hiyo, akasubiri viti viinuliwe, akavuta ile pumzi yake tena, na akamwambia mtoto kwamba mama yake amekwisha fariki.

Kilichonishangaza ni kwamba ilifanya kazi. Waliokuwa wamesimama walikaa. Mmoja alikuwa bado ana tabasamu la goli usoni na hakujua alipeleke wapi.

Tangu usiku ule nimekuwa nikilifikiria jambo hili, na nina dai moja ambalo niko tayari kulitetea: kantri haikuumbwa kwa ajili ya redio ya baba. Iliumbwa na vyumba vibaya. Chukua miaka ya 1930 kule Texas. Mwaka 1930 mafuta yanagunduliwa mashariki mwa jimbo, vijana wenye mishahara wanamiminika. Desemba 1933 marufuku ya pombe ya nchi nzima inaondolewa. Kando ya barabara zinaota baa za mbao zinazoitwa honky-tonk, sakafu inatetemeka kwa viatu vya kazi, na humo ndani kuna jukiboksi, ile mashine ya kuchagulia santuri kwa sarafu. Gitaa la kawaida na sauti ya mtu anayeimba kuhusu nyumba aliyozaliwa havisikiki tena. Ernest Tubb, mwimbaji wa hukohuko Texas, alielezwa na mwenye biashara ya majukiboksi kwamba jioni, watu wakishajaa na kelele zikianza, santuri zake zinaacha kuchaguliwa kwa sababu hazisikiki. Mwaka 1941 akaingia studio na gitaa la umeme. Wengine walikuwa wameshatumia umeme kabla yake, hasa wapiga stili, lakini mfano wa Tubb naupenda kwa sababu sababu yake haina ushairi wowote. Watu walikuwa wanapiga kelele.

Mada nazo zilihama. Chumba cha watu walio mbali na kwao, wenye chupa mbele yao, hakihitaji sana wimbo wa kanisa dogo la bondeni. Kinahitaji wimbo wa mtu aliyeachwa. Na kiitikio lazima kirudi, tena na tena, kwa sababu kuna aliyekuwa kaunta mara ya kwanza, aliyekuwa msalani mara ya pili, na anayehitaji kuingia ya tatu. Hata hadithi yenyewe imepangwa kwa ajili ya msikilizaji mwenye sikio moja. Ukikosa ubeti wa pili bado unajua mama anaumwa na mtoto yuko njiani. Jaribu kukosa robo ya wimbo mwingine wowote wenye hadithi uone.

Ngoma ndizo zilizochelewa kukaribishwa. Grand Ole Opry, kile kipindi cha redio ya WSM ya Nashville kilichoanza mwaka 1925 na hakijazima hadi leo, kwa miongo mingi kiliziangalia ngoma kwa jicho baya, zikionekana ni vitu vya muziki wa watu wengine. Mwimbaji Johnny Cash alipoanza kurekodi Memphis mwaka 1955 alikuwa na watu wawili tu, gitaa na besi, hana mpiga ngoma. Basi akapitisha karatasi iliyokunjwa kati ya nyuzi za gitaa lake, akipiga inakwaruza kama brashi juu ya ngoma. Lile treni linalosikika kwenye nyimbo zake za mwanzo ni kipande cha karatasi. Mpiga ngoma wetu alinionyesha kwa kuiga, akachomoa risiti mfukoni, akaipachika kwenye gitaa la Mama. Kweli bwana. Treni.

Hiyo ilikuwa wakati wa mapumziko. Mechi ilikuwa bado dakika chache, bendi imekaa kaunta, na jamaa mmoja aliyekwisha kunywa vya kutosha kujiita mkosoaji alimsogelea kijana wa fidla akamuuliza, bila ubaya wowote, inakuwaje kijana mzima anapoteza ujana wake kwenye muziki wa wazungu wachunga ng'ombe.

Nilitegemea ugomvi. Kijana alifungua begi lake tu, akatoa banjo, akaiweka kaunta kati ya glasi. "Hiki unajua kimetoka wapi, bro?"

Nitafupisha, kwa sababu yeye hakufupisha. Banjo ni ya watu waliotolewa Afrika Magharibi kwa nguvu. Walifika Karibi na Amerika na kumbukumbu ya vyombo vya kibuyu kilichowambwa ngozi, vyenye uzi mmoja mfupi unaochokolewa kwa gumba, mfano wa akonting ya Wajola wa Senegambia, wakaviunda upya huko utumwani. Mzungu aliichukua baadaye, kwanza kwa kuwadhihaki wenyewe jukwaani. Hank Williams, ambaye kila mwimbaji wa kantri humtaja kama nabii, alifundishwa gitaa utotoni Alabama na mpiga muziki Mweusi wa mitaani, Rufus Payne. Hank alifariki tarehe 1 Januari 1953 kwenye kiti cha nyuma cha gari, akielekea kwenye onyesho, umri miaka 29. Payne alikuwa ametangulia mwaka 1939, hakuiona hata dakika moja ya umaarufu wa mwanafunzi wake.

Kilichomnyamazisha mkosoaji wetu, hata hivyo, ni DeFord Bailey. Bailey alipiga kinanda cha mdomo, Mweusi, mjukuu wa mpiga fidla, na alikuwa miongoni mwa nyota wa kwanza kabisa wa Opry. Usiku wa mwaka 1927 ambao mtangazaji George Hay alikitungia kipindi jina hilo la Grand Ole Opry, Bailey ndiye aliyekuwa akipiga, akiigiza treni kwa pumzi zake. Mwaka 1941 akafukuzwa. Akaishi Nashville hiyohiyo akisafisha viatu vya watu. Jina lake lilipoingizwa kwenye jumba la heshima la muziki wa kantri ilikuwa mwaka 2005, na yeye amekufa tangu 1982.

"Basi na Charley Pride je?" akauliza mtu mwingine, kumbe kulikuwa na wanaojua. Ndiyo, na Charley Pride. Santuri zake za mwanzo, mwaka 1966, zilipelekwa kwenye vituo vya redio bila picha, ili watangazaji wamsikie kabla hawajamwona. Mwaka 1971 akachaguliwa mtumbuizaji bora wa mwaka wa kantri. Mkosoaji aliitazama banjo, akaigusa ngozi yake kwa kidole, ikalia kidogo, akaondoa mkono kama aliyeshika kitu cha moto. Akamnunulia kijana kinywaji. Suala likaisha hivyo, bila azimio.

Sehemu ya pili ya onyesho ilikuwa tofauti, na ningependa kuandika kwamba muziki uliwashinda watu. Ukweli ni kwamba mechi iliisha. Televisheni ikazimwa, na ghafla ile pembe ikawa na watu ndani yake. Mume na mke fulani, wenye umri wa kuwa na wajukuu, walisogeza meza yao wenyewe bila kuomba ruhusa wakaanza kucheza kwenye nafasi isiyozidi mkeka: haraka, haraka, taratibu, taratibu, mikono imeshikana, macho yanaangalia pembeni kama ya watu wanaosubiri daladala. Hawakutazamana hata mara moja. Sijawahi kuona watu wawili wanajuana kiasi kile.

Kulikuwa pia na yule wa kuomba wimbo. Kila baa inaye. Aliomba wimbo uleule mara nne, wa mcheza kamari kwenye treni, mkijua mnaujua, na kila Mama alipomwambia "umeshapigwa, baba", alijibu kwamba yeye hakuwa ameusikia vizuri. Mara ya nne wakaupiga tena. Kodi zilezile. Safari hii aliimba yeye, macho amefumba, maneno yote yakiwa sahihi na sauti zote zikiwa mbaya, na bendi ikamfuata popote alipokwenda, ikipunguza mwendo alipopotea, ikimsubiri kwenye kona. Mzee wa stili alimpigia kwa uangalifu uleule aliompigia Mama. Hilo ndilo nililoliona mimi. Hakumpunguzia hata noti moja.

Halafu ukaja ule wimbo.

Sijui niuelezeje bila kuuharibu. Ulikuwa wa polepole, wa mwendo wa hatua tatu. Hadithi yake si kitu: mtu anarudi nyumba aliyowahi kuishi na mtu, wapangaji wapya wanamruhusu aingie, anakuta wamepaka rangi kila mahali isipokuwa ndani ya kabati. Mama hakuushusha wala kuupandisha. Aliuimba kama anayesoma orodha. Mpiga ngoma aliacha brashi, akakunja mikono. Stili ikaingia kwenye ubeti wa mwisho tu, noti ndefu mbili, ya pili ikipanda na kukataa kufika. Nikajikuta naiangalia meza yangu. Namjua baba yangu kuliko nilivyokuwa namjua asubuhi ile, ndivyo nilivyowaza, na sikujua wazo hilo limetokea wapi, kwa maana wimbo haukuwa na baba ndani yake.

Mtunzi Harlan Howard alisema kantri ni kodi tatu na ukweli, na msemo huo huchapwa hadi kwenye fulana. Kodi tatu nazikubali, nimeziona kwa macho vidoleni. Ukweli nina neno nao. Mama hajawahi kurudi kwenye nyumba hiyo. Nilimuuliza baadaye, akacheka, akasema ameishi nyumba moja maisha yake yote na kabati lake ni jipya. Yule mcheza kamari wa kwenye treni alitungwa na kijana wa miaka ya ishirini na kitu aliyekuwa akifanya kazi ya usiku kwenye kompyuta. Waongo wakubwa, wote. Wanachokuwa nacho ni vitu. Si "nina huzuni", ni ndani ya kabati pasipopakwa rangi. Ukishapewa kabati, huzuni unaileta mwenyewe kutoka kwako.

Ndoo ya bakshishi ilipita mwishoni. Kwenye baa nyingi za muziki huu, hata zile maarufu za Nashville, ndoo ndiyo mshahara au sehemu kubwa ya mshahara, kwa hiyo ukiona mwimbaji anaipitisha kwa utani mwingi ujue hatanii. Mkosoaji wa banjo alikuwa na mkono wa birika kuliko nilivyotarajia. Mzee wa kamari aliitumbukizia kila alichokuwa nacho mfukoni, pamoja na kitu ambacho Mama alilazimika kumrudishia kwa kuwa kilikuwa ufunguo wa nyumba yake. Waligawana pale kaunta, mafungu matano sawa, la rafiki yangu sawa na la mwenye bendi. Hakuna aliyehesabu mara mbili.

Tulifungua miguu ya stili kwa mpangilio wa kinyume, mimi na mzee, mimi nikiwa sasa fundi. Akaifuta kila mmoja kwa kitambaa kabla ya kuulaza sandukuni. Nje kulikuwa kumepoa. Spika ilionekana nzito kuliko ilivyokuwa jioni, na buti, ambalo niliapa linaimeza, likagoma kufungwa mpaka tulipoigeuza ubavu.

Tulikuwa tumeshakwenda mbali kidogo ndipo nikamuuliza.

"Ule wimbo wa kabati. Unaitwaje?"

Rafiki yangu alikuwa amelaza kichwa kwenye kioo, macho yamefungwa.

"Sijui," akasema. "Ulikuwa moja, nne, moja, tano. Kwenye ubeti wa mwisho kuna mbili." Akanyamaza, vidole vyake vikigongagonga pajani. "Jina muulize Mama."